Pauline Mniko, Mpima Kijani cha Ghuba ya Homa

Wazee wa ukoo, watumishi wa Mungu, wakwe zetu mliofunga safari kutoka Isebania, na nyinyi wenzetu wa ufuoni, familia inawaomba mtulie kidogo tumweleze mama huyu jinsi alivyokuwa, bila kumpaka sukari, kwa sababu yeye mwenyewe hakumpaka mtu.

Marehemu Pauline Mniko alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, Isebania, mtoto wa pili wa mzee Mniko Werema na mama Filister, watu wa ng'ombe na mahindi, ambao ziwa walilisikia tu kwa jina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Isebania, akaenda sekondari Suna, akafanya mtihani wa KCSE mwaka wa 1990, na kati ya mwaka wa 1991 na 1993 akasomea kazi ya maabara Kisumu, ambako aliipenda hadubini hata wenzake wakadai ataolewa nayo.

Aprili 1994 aliajiriwa kupima malaria katika zahanati moja ya Suna, na tarehe 13 Desemba 1997 akafunga ndoa na mwalimu Elijah wa Homa Bay, baada ya mzee Mniko kukagua meno na kwato za kila ng'ombe wa mahari na kurudisha wawili. Walijaliwa watoto wawili, Liz mwaka wa 1999 na Levis mwaka wa 2003.

Tarehe 2 Februari 2004 alianza kazi katika maabara ya ziwa hapa Homa Bay, na tangu hapo, kila tarehe kumi na tano ya mwezi, alipanda mashua akachota maji sehemu tatu za ghuba, akayachuja, akapima wingi wa vile vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha kwanza cha ziwa. Kisha alining'iniza ziwani chupa za maji hayo hayo kwa siku nzima, aone kama vijimea vinaendelea kukua au vimekwama, kwa kuwa alishikilia kwamba wingi ni jambo moja na ukuaji ni jambo lingine. Alijua mvua za Aprili zinavyoteremsha mbolea ya mashamba, upepo wa Julai unavyokoroga maji, na joto la Januari hadi Machi linavyoyatuliza mpaka kijani kinatanda juu, na mtu aliyemwambia maji ni maji tu alijuta kufungua mdomo.

Januari 2022 kijani kilikuwa kingi sana lakini chupa hazikuonyesha ukuaji wowote, akaelewa kwamba vijimea hivyo vimezeeka, vitakufa, vitaoza na kuwanyima samaki hewa. Alimwendea shemeji yake Austine, mwenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, akamwambia avune mapema. Austine, aliyejifunzia ufugaji kwenye bwawa la nyumbani, ambako maji ya kijani ndiyo shibe ya samaki, alicheka akasema, "Shemeji, si hii ni chakula ya bure Mungu ameleta?" Asubuhi ya tarehe 4 Februari samaki wake wote walielea matumbo juu, na Pauline alishika karai akamsaidia kuwaopoa, jambo ambalo Austine anasema lilimuuma kuliko matusi.

Juni 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na bado akapanda mashua, Liz akimbebea chupa. Alituacha Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa tatu asubuhi, na kesho yake ilikuwa siku ya kupima. Wazee walisema nyumba yenye msiba haiendi kazini kabla ya kuzika, na walisema kweli, hiyo ndiyo desturi yetu. Austine ndiye aliyesimama akaomba ruhusa Liz aende kupima, na ndiye aliyempigia Liz makasia. Tunakosa mama, tunaumia sana, lakini kazi yake haikukosa siku.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki nzima, na wenzake wa maabara waliosoma vipimo vya Liz. Kijani ni kingi, ukuaji umesimama, kama Januari ile. Austine alivuna juzi, na samaki mtakaokula leo ni wake. Nyinyi wengine wenye vizimba mlisema mtangoja tumzike kwanza, kwa heshima yake, na tunaipokea heshima hiyo. Mazishi yanaisha saa nane. Tukitoka kaburini, nendeni mkavune.

Lala, Pauline, upumzike. Safari hii tumesikia.