Ndume wa Matanga Apite Barabara Kubwa

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Omoding, zima redio hiyo. Acom, kaa hapa ubavuni pangu, kwa maana wewe ndiye uliyerithi darasa langu la sheria ya kimataifa pale chuo kikuu, na darasa hilo linaninyima kufa kwa raha.

Shamba hili la Bulumbi gawaneni kama nilivyowaonyesha. Mihogo ya upande wa mto ni ya mama yenu mdogo Betty, mtu asimsumbue. Hayo yamekwisha.

Mnakumbuka kaka yangu Osinya alipofariki kule Amukura, upande wa Kenya, nami nikampelekea kutoka huku Uganda ndume wa matanga, fahali wa kuchinjwa msibani, kama ilivyo desturi yetu Wateso, wanafunzi wangu wakinifuata nyuma kwa miguu. Mpakani ndume akazuiwa, wakasema kuna karantini ya mifugo. Vijana waliokariri mikataba ya Afrika Mashariki kama Baba Yetu wakabaki kupekua madaftari, mpaka Shallon, yule msichana mpole, akamuuliza afisa ni kifungu gani, afisa naye akamrudishia swali, wakabishana jua likituchoma sote. Ndume hakupita. Osinya alizikwa bila ndume wangu, nikalia njia nzima. Lakini siku ile walijifunza sheria, na tangu hapo kila mwaka niliwapeleka wengine mpakani.

Chuo kikasema hayo si masomo, ni matanga. Nilipostaafu wakazifuta safari zile, na sasa Acom anasoma noti za sheria ya bahari kuu, watoto wanaandika, na bahari yenyewe hawajaiona. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nimewaandikia wakuu wa chuo, nimewaomba, nimemwendea mkuu wa kitivo na fimbo yangu hii, akaninunulia soda, akaitikia "ndiyo, Profesa", basi. Maji yamezidi unga, wanangu, sina la kufanya. Nawe Omoding, usimwite dada yako mwoga. Ana watoto wa kulisha, na mwenye nguvu mpishe.

Sikieni la mwisho. Wana wa Osinya wataleta ndume wa matanga yangu. Omoding, nakujua, utampa mtu kitu kidogo, au utampitisha ndume njia ya panya. Nakukataza. Apite barabara kubwa, mchana, na akizuiwa azuiwe. Acom, waite wanafunzi wako. Chuo kimekataza safari, hakijakataza mtu kwenda matanga. Wasimame pale, waulize, wabishane. Mimi sitakuwapo kuwasikia, na hilo linaniuma kuliko kifua hiki. Ndume asipofika, msiningojeshe. Nizikeni hata kwa kuku.

Maji... kidogo. Basi.

Mungu awafunike, awape mvua kwa wakati wake, msigombane mezani pangu. Nimewabariki nyote, na walio ng'ambo pia.

Acom, utawaita? Usiitikie kwa kichwa, mama, macho yameshaingia giza. Sema. Sisikii... sema tena.