Yadi Tatu na Nusu

NUNU: Haloo? Nani mwenzangu?

ANIFA: We Nunu! Yaani hata sauti umeisahau?

NUNU: Anifa? Hii namba ya nani sasa?

ANIFA: Laini mpya, ile nyingine haishiki huku kwenye kiwanja cha gofu. Mambo?

NUNU: Poa, vipi —

ANIFA: Usiniulize vipi! Kaa kwanza. Umekaa?

NUNU: Nitakaa wapi, shoga, Jumamosi dukani? Kariakoo leo hata pa kuweka mguu hakuna. Ongea tu.

ANIFA: Tuko wa tatu!

NUNU: Nyie na nani?

ANIFA: Mimi na Heriel! Si yule pro, mchezaji wa kulipwa ninayembebea begi la fimbo, nilikwambia? Mashindano ya siku tatu, leo ya pili, kesho ndiyo fainali, na sisi wa tatu kati ya watu arobaini. Arobaini, Nunu!

NUNU: Hongera jamani! (kelele za mkokoteni) We kaka, utanipitishia gari lako juu ya vidole! ... Enhe, endelea.

ANIFA: Halafu sibebi begi tu. Mimi ndiye namwambia umbali.

NUNU: Umbali wa nini? Si anaona bendera ile pale?

ANIFA: Ha! Ndivyo nilivyodhani na mimi. Jicho linadanganya, mwaya. Bendera ikiwa juu ya kilima unaiona karibu. Kukiwa na bwawa katikati, ndiyo kabisa, unaona kama utaigusa. Pro hapigi kwa kuona.

NUNU: Anapigaje, kwa maombi?

ANIFA: Kwa namba! Sikiliza. Kiwanja kizima kuna mabomba ya kumwagilia, yale yanayojificha ardhini, na kila bomba lina kofia imeandikwa namba. Labda mia na ishirini, maana yake kutoka hapo mpaka katikati ya yale majani mafupi yenye shimo. Mimi natoka kwenye kofia, nahesabu hatua mpaka mpira ulipo, najumlisha au natoa. Na bendera wanaihamisha kila asubuhi, wanatupa karatasi inayoonyesha iko wapi, kwa hiyo najumlisha na hiyo. Halafu nampa namba tatu —

NUNU: Tatu zote za nini?

ANIFA: Ya kuvuka mchanga, ya bendera, na ya ukutani, yaani ukizidi hapo umepotea. Yeye sasa anasikiliza upepo, anaangalia kama ni mlima, kama nyasi zina maji. Anajua fimbo namba saba inampeleka wapi, nane inampeleka wapi. Anachagua, anapiga.

NUNU: Na siku hizi si kuna vile vidude vya leza? Tulivyotumia chuoni?

ANIFA: Haviruhusiwi mashindano haya. Ni miguu yangu tu.

NUNU: Kwa hiyo ile diploma ya upimaji tuliyoisotea —

ANIFA: Ipo kazini! Si nilikwambia itafanya kazi?

NUNU: (anacheka) Yangu inapima vitenge.

(sauti ya mkanda wa gundi ukivutwa)

ANIFA: Unafunga nini?

NUNU: Mzigo. Wa mteja. Enhe?

ANIFA: Nunu ... nataka uje kesho.

NUNU: Kuangalia?

ANIFA: Kunishikia tepu.

NUNU: Tepu! Si umesema unahesabu hatua?

ANIFA: Ndiyo kosa lenyewe. Leo shimo la kumi na nne. Kofia imeandikwa mia na ishirini, mimi nimehesabu hatua thelathini na nane, nikamwambia Heriel mia hamsini na nane. Kapiga vizuri, shoga, mpira umepaa ule, nimeshaanza kutabasamu. Pu! Mchangani.

NUNU: Kapiga vibaya.

ANIFA: Hakupiga vibaya. Zile kofia ni yadi. Hatua yangu ni mita.

NUNU: Mungu wangu.

ANIFA: Si unakumbuka chuoni walivyotutembeza siku tatu na kamba mpaka hatua ikawa mita kamili? Miguu haijasahau!

NUNU: Anifa, mimi nauza yadi kutwa nzima! Yadi ni mita pungufu vidole vinne na ushee. Hatua thelathini na nane ... umemnyima yadi tatu na nusu. Zaidi ya nusu kitenge!

ANIFA: Nusu kitenge ndiyo imemtia mchangani, basi. Usicheke!

NUNU: Sicheki. Nacheka kidogo. Sasa si uzidishe tu, ugeuze mita ziwe yadi?

ANIFA: Ningeweza. Ila kwenye daftari, mashimo matano ya mwisho nilipima Alhamisi haraka haraka. Namba nyingine nimesoma kwenye kofia, nyingine hatua zangu, na sikuweka alama ipi ni ipi.

NUNU: Hukuweka alama! Wewe!

ANIFA: Najua.

NUNU: Wewe uliyekuwa unanisuta mimi kwa kutoandika tarehe!

ANIFA: Najua, Nunu. Heriel hakunifokea hata. Kasema tu, kesho saa tatu tunaanza. Nikimletea mashimo yale matano yamepimwa kwa tepu, nabeba mimi. Nisipoleta, anambebesha Abubakary, yule kedi, mbeba begi wa siku zote hapa. Tepu nimeazima kwa mafundi, mita hamsini. Geti wanafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wewe unashika huku, mimi navuta, tunaandika. Kama zamani. Saa mbili tumemaliza.

(kelele za soko)

ANIFA: Haloo? Unanisikia?

NUNU: Nakusikia. Mtandao tu. Kwani hapo hakuna hata mmoja wa kukushikia? Makedi wenzio?

ANIFA: Wapo. Wanakaa upande wa pili wa stoo. Wote wanaume, wote wanajuana. Nikifika wananyamaza, nikiondoka wanaongea. Mimi nakula chipsi zangu hapa kwenye tangi la maji, pana kivuli.

NUNU: Hukuwahi kuniambia.

ANIFA: Mbona kitu kidogo! Siku nzima niko bize nahesabu. Jioni narudi Buguruni, na njiani bado nahesabu. Juzi nimejikuta nahesabu mpaka mlangoni kwangu, mia nne na kumi na mbili, nikataka nimwambie mtu, nikakuta ... ah. Utakuja?

NUNU: Kesho siwezi, Anifa.

ANIFA: Ami Muhannad hakupi ruhusa ya kutoka dukani kwake? Nipe niongee naye, nitamwamkia vizuri —

NUNU: Siyo ami.

ANIFA: Saa mbili tu uko huru, unawahi duka!

NUNU: Saa kumi na moja alfajiri nina basi.

ANIFA: Basi la wapi?

NUNU: Tunduma. Ami kafungua duka la pili, mpakani. Mimi ndiye nalisimamia.

ANIFA: Unarudi lini?

(sauti ya mkanda wa gundi ukivutwa tena)

ANIFA: Ule mkanda. Mzigo wa mteja.

NUNU: Ni nguo zangu.

ANIFA: Umejua lini?

NUNU: Wiki mbili.

ANIFA: Wiki mbili! Nimekupigia mara ngapi katika wiki mbili?

NUNU: Kila siku. Na kila siku una jipya, unacheka, umepata begi, umepata kofia, mmeshinda raundi. Nasema ngoja amalize, nitamwambia. Unamaliza, na dakika zimekwisha.

ANIFA: Kwa hiyo kosa langu.

NUNU: Sikusema hivyo. Nilikuona uko sawa.

(kelele za soko, mtu anauliza bei)

NUNU: Subiri, mama, nakuja! ... Anifa? Unalia?

ANIFA: Upepo huo. Huku kuna upepo. Hongera ya duka.

NUNU: Anifa.

ANIFA: Kweli, hongera. Meneja! Mimi nitamwambia Heriel amchukue Abubakary tu, si mbaya, nitapata —

NUNU: Weee! Una kalamu?

ANIFA: Ya nini?

NUNU: Chukua kalamu! Tafuta bisibisi. Ile pete ya mwanzo wa tepu, pitisha bisibisi, choma ardhini pembeni ya kofia. Umenielewa? Bisibisi ndiye mimi.

ANIFA: ... Bisibisi.

NUNU: Vuta mpaka futi mia na hamsini, kaza, choma kijiti. Rudi, ng'oa bisibisi, nenda nayo mpaka kwenye kijiti, anza upya. Na soma upande wa futi tu, futi tatu ni yadi moja. Usiguse mita kabisa!

ANIFA: Kwa hiyo kila kipande nakitembea mara tatu. Kwenda, kurudi, kwenda tena.

NUNU: Mtu mmoja ndiyo hivyo. Mara tatu.

ANIFA: Sitawahi.

NUNU: Anza na shimo la mwisho, la kumi na nane, hilo ndilo watu wataangalia. Geti likifunguka tu, wewe ndani.

ANIFA: Simu inalia, dakika zinaisha. Nunu, ukifika kule —

NUNU: Nitakupigia.

ANIFA: Ila siyo asubuhi, kuanzia saa tatu simu marufuku, nipigie ku—

NUNU: Na hiyo bisibisi iwe ndefu, isije ikang'oka ukivuta. Haloo? ... Ndefu, Anifa. Haloo?