Fundi Komeo na Mlango wa Nyuma wa Sinema

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi mafundi mliokuja na nguo za kazi kwa kukosa muda wa kubadili, naomba mnisikilize kwa utulivu, maana karatasi hii marehemu alisomewa mara mbili akiwa kitandani, na mara ya kwanza aliikataa kwa kuwa tuliruka siku moja ya maisha yake, akasema, "Mkiruka hapo, msisome kabisa," na ingawa baba mdogo amenisihi hadi asubuhi ya leo kwamba mabaya ya marehemu hayatajwi, nitaisoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yake, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee mpiga chapa na mama aliyeshona mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na kiwanda cha ngozi kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, na huko ndiko kipaji chake kilikojitokeza, kwani kabati la mwalimu mkuu lilipogoma kufunguka huku karatasi za mtihani zimo ndani, yeye ndiye aliyelifungua kwa waya wa baiskeli, jambo lililompatia sifa na viboko siku hiyo hiyo.

Mwaka 1962 alijiunga na mjomba wake, mhunzi, akajifunza kazi kwa miaka sita, na tarehe 1 Februari 1968 akafungua karakana yake mwenyewe kwenye kona inayotazamana na posta, akatengeneza vitasa, bawaba na makomeo, watu wakamwita Fundi Komeo, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Alifunga ndoa tarehe 26 Mei 1973 na mama yetu, mpiga taipu wa ofisi ya ardhi, ambaye husema alimpenda kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyemjua ambaye akisema kesho, ilikuwa kesho kweli.

Mwezi Aprili 1974 mwenye sinema ya mtaani kwetu alimfuata karakana, akalalamika kwamba kijana mmoja akikata tiketi, wenzake kumi wanafunguliwa mlango wa nyuma, akamwambia, "Nitengenezee kitu ambacho hata jini akiwa ndani hakifungui." Marehemu akakitengeneza, chuma kipana cha kulaza nje ya mlango, chenye vishikio viwili ukutani na kufuli aliyoichagua mwenyewe, kazi iliyomtia majivuno hata akawa anawapeleka marafiki uchochoroni kuitazama, na maisha yake yote alituambia kwamba kosa lake halikuwa kwenye chuma, "Kosa langu ni kwamba sikuuliza watu watatokea wapi."

Jumapili ya tarehe 18 Agosti 1974, saa nane mchana, alimpeleka mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu, kuangalia picha katika sinema hiyo hiyo, wakakaa safu ya sita, ukumbi umejaa, na haikupita nusu saa moshi ukaanza kushuka kutoka chumba cha mitambo kilichokuwa juu ya lango la mbele, mtu akapiga kelele, na umati wote ukageuka kuukimbia moshi, ukielekea mlango wa nyuma. Ndani ya ukumbi ule kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba mlango ule hauwezi kufunguliwa. Alipaza sauti, "Haufunguki, rudini mbele!" lakini mwanamume mmoja akamsukuma kifuani akimwambia, "Wee, mlango si ule pale, umepofuka?" na sauti yake ikamezwa. Akamwambia mkewe ajibanze ukutani, asiusogelee mlango, akamwachia mkono, akaenda peke yake kinyume na watu wote, akiuelekea moshi, akitambaa chini ya viti hadi lango la mbele, akatokea barabarani macho hayaoni.

Aliuzunguka ukumbi mbio hadi uchochoroni, akakuta mlango unatikisika kwa ngumi za waliokuwa ndani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye sinema, aliyekuwa amekwenda kula. Akanyakua mtaimbo wa fundi matairi wa jirani, akaipiga kufuli, haikutetereka, akaipiga tena, haikutetereka, na kelele za ndani zikaanza kupungua, jambo alilosema lilimtisha kuliko kelele zenyewe. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba siku ya kufunga chuma kile skrubu ndefu zilikuwa zimemwishia, akatumia fupi kwenye kishikio cha kushoto, akijiambia atarudi kuzibadilisha, asirudi, basi akapachika mtaimbo pale, akauning'inia kwa uzito wake wote, kishikio kikang'oka, na watu wakamwagika uchochoroni kama mahindi gunia linapopasuka. Walitoka wote wakiwa hai, isipokuwa fundi saa wa mtaa wa pili, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni na kubanwa pale na umati.

Mama yetu alitoka na mbavu mbili zilizovunjika, mimba ikiwa salama, akamwambia, "Uliniachia mkono," naye akajibu, "Nilikuambia ukae ukutani," mama akasema, "Sikusikia, nilichoona ni mgongo wako," kisha akaenda kukaa kwa bibi, na hakurudi hadi mtoto alipozaliwa tarehe 20 Februari 1975, mtoto ambaye ndiye anayewasomea. Wakati wa uchunguzi, mwenye sinema alimwomba aseme kwamba komeo lile lilikuwapo tangu jengo lilipojengwa, lakini marehemu alisimama mbele ya watu wote, mjane wa fundi saa akiwa safu ya mbele, akasema, "Nimelitengeneza mimi, na mwenye sinema ndiye aliyeniagiza," na kwa miaka miwili baada ya hapo hakuna aliyemletea hata bawaba.

Miaka hiyo hakukaa bure, aliitumia kutengeneza kitu alichokiita Sukuma, yaani chuma kinacholala upande wa ndani wa mlango, usawa wa kiuno, ambacho mtu akikiegemea tu, ulimi wa kitasa unarudi na mlango unafunguka, ilhali aliye nje hawezi kuufungua. Alivunja saba kabla ya kuridhika na cha nane, na sisi wanawe wanne, tuliozaliwa 1975, 1977, 1980 na 1984, tulikua tukiambiwa tuusukume mlango wa karakana kwa tumbo, kwa mgongo, tukikimbia, tukiwa tumefumba macho. Wenye kumbi walimcheka kwamba mlango wa kujifungua ni mlango wa wezi, hadi shule moja ya wasichana ilipokubali mwaka 1981, na leo hakuna bweni wala ukumbi mjini hapa usio nacho. Baadaye mkaguzi wa majengo alimfahamisha kwamba ng'ambo walishabuni kitu kama hicho kabla hata baba yake hajazaliwa, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Basi nimechelewa, lakini unafunguka."

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2021, akalazwa mara tatu, na akafariki tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyevumilia kukaguliwa bawaba za madirisha kila siku, tunawashukuru majirani waliopika na kulala nasi, na mafundi waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao. Tunamshukuru pia mjane wa fundi saa, ambaye kwa miaka arobaini na tisa hakuwahi kuitikia salamu ya baba yetu, lakini wiki mbili kabla hajafariki aliingia wodini, akavuta kiti, akamwambia, "Sikuja kukusamehe, nimekuja kukuona," akakaa hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, na leo yumo humu ndani pamoja nasi. Mama, asante kwa kuja, hatukuombi zaidi ya hapo.

Baba, hatukuruka kitu. Lala sasa, upumzike kwa amani.