Chiriku wa Baridi wa Papa Emile

Ndugu waombolezaji, marehemu papa Emile Sumaili alizaliwa Kabambare tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari Kasongo hadi Juni 1973.

Mwaka 1974 alifika milima ya Ruwenzori, akawabebea mizigo watafiti wa ndege kwa miaka minne, na huko juu, miti ilikokwisha, ambako maji ya sufuria huamka yamekuwa jiwe, alimwona chiriku mdogo wa kahawia, mwenye michirizi kifuani, akidonoa mbegu za mimea mirefu kama nyumba, ukungu ukipita polepole chini yake, naye akasahau mzigo mgongoni, akasimama tu kusikiliza.

Mwaka 1979 alianza ualimu hapa Kasongo, na tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na mama Victorine, wakajaliwa watoto wawili, Estelle na Élysée, huyu anayewasomea, waliolala kila siku kwa habari za chiriku yule, hata majirani wakatania kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mwalimu ameona ya kwake peke yake.

Desemba 2011, kwenye ubatizo wa mjukuu, Élysée alimwambia mbele ya wageni, "Papa, wacha uongo, ndege gani itaishi fasi ya baridi vile?", watu wakacheka, marehemu akacheka nao, ila tangu siku ile hakumtaja tena chiriku, nyumba ikapoa.

Januari 2024 alianza kuugua kifua, na asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni, kabla ya kukata roho, alimshika Élysée mkono, akasema, "Mutoto yangu, ile ndege iko", Élysée akaitika ndiyo, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa, marehemu akalitambua jibu hilo, akageukia ukuta.

Jana wajomba walitaka chiriku afutwe katika wasifu huu, kwani kwetu kinachosomwa mbele ya jeneza ndicho kweli ya mtu, hakibishwi tena, lakini Élysée alikataa, akamwandika kwa mkono wake, hali hajamwona wala hana ushahidi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na mboga ya sombe, na walimu wenzake.

Papa, tumekuamini, na tumechelewa, pumzika kwa amani.