Bu Wuryani na Filamu za Jumamosi

Tarehe 30 Juni, Bu, yaani Mama, Wuryani Hastuti anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha lugha katika sekondari yetu hapa Magelang, Indonesia. Wengi hatutamkumbuka kwa sarufi. Tutamkumbuka kwa chumba cha filamu kilicho nyuma ya maktaba.

Alikianzisha kwa projekta ya kuazima na shuka la nyumbani kwake. Jumamosi ya kwanza alionyesha filamu ya zamani isiyo na rangi. Wanafunzi walicheka. Mmoja akauliza, “Bu, mashine imeugua? Mbona watu wote wana rangi ya majivu?”

“Kaa dakika kumi,” akamjibu. “Ukichoka, mlango uko wazi.”

Hakuna aliyetoka.

Mambo yaliharibika alipoonyesha filamu ya Kihungari kuhusu kijana aliyemkimbia baba yake, fundi viatu mkali. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanafundishwa ukaidi. Pak, yaani Bwana, Sukendar, mtengenezaji wa tofu, ile jibini ya soya, mwenye binti kidato cha pili, alitaka chumba kifungwe mara moja. Mkuu wa shule alikuwa ameshachukua ufunguo.

Bu Wuryani hakubishana. Aliomba jambo moja tu: wazazi waje waione filamu hiyo wakiwa wameketi na watoto wao. Mkuu akakubali kutufungulia kwa siku hiyo moja. Mimi, mwalimu mwenzake, nilikuwa mlangoni nikigawa karanga za kuchemsha.

Kabla filamu haijaisha, umeme ukakatika. Nilidhani tumekwisha. Lakini gizani ikasikika sauti ya Pak Sukendar: “Bu, yule mtoto anarudi kwao au harudi?”

“Subirini umeme, Pak.”

“Arudi kufanya nini?” binti yake akasema. “Baba yake hajawahi kumuuliza hata kama amekula.”

“Amechoka yule mzee. Anashona viatu tangu alfajiri.”

“Basi aseme amechoka, Baba. Mtoto atajuaje?”

Wazazi wengine na watoto wao nao wakaanza kuzungumza, kwa sauti ya chini, kama watu wasiotaka kusikiwa na majirani. Umeme uliporudi, ilibidi tuwaombe wanyamaze ili filamu iendelee.

Pak Sukendar alitoka wa mwisho, akauliza Jumamosi ijayo kuna nini. Jumatatu ufunguo ulirudishwa, nasi tukapumua.

Mwaka huu hofu ilikuja upya: akiondoka, nani atashika chumba? Wiki iliyopita Pak Danuri wa hisabati alikubali, ingawa anakiri kwamba kabla ya kuja hapa alizijua filamu za ngumi tu. Bu Wuryani aliposikia, aliketi akafunga macho kwa muda. Kisha akatuambia kwamba kwa miaka yote hii hajawahi kuitazama filamu moja kwa utulivu, kwa kuwa alikuwa akizitazama nyuso za watoto.

Asante, Bu. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu. Jumamosi njoo ukae mbele, utazame.