Sajenti Msabah Borafya na Barua Zake Kumi na Mbili

Juni 30 mwaka huu wa 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kuzima moto wa msituni, Sajenti Msabah Borafya wa kituo chetu cha Kitogani anastaafu kwa mujibu wa sheria. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, karani wa kituo. Wanaojua kuandika wote walikuwa na udhuru.

Alikuja mwaka 1991, kijana wa mtaa wa Malindi, mjini kwetu, ambaye msitu alikuwa akiuona kwenye kalenda. Wiki ya kwanza alipiga panga tawi lenye nyigu, kikosi kizima kikatoka mbio ambazo hakuna moto uliowahi kututoa. Baada ya miaka mitano hakuna aliyemfikia. Moto wa maweni, ardhi yetu ya mawe matupu, una hila: juu umezimika, chini unaendelea kula mizizi ndani ya mashimo ya jiwe. Msabah hupiga magoti, akapapasa jiwe moja baada ya jingine kama mzazi anayepima homa ya mtoto, na hapandi mtu gari mpaka yote yamepoa. Mara ngapi tumefuturu barabarani kwa tende na maji kwa sababu ya kiganja kile! Lakini kwenye zamu yake, hakuna moto tuliourudia mara mbili.

Warina asali, ambao mienge yao ilikuwa ikituchomea msitu kila kiangazi, hakuwakamata. Aliwafuata vijijini, akawafundisha kutumia bomba la moshi la kutulizia nyuki. Siku hizi wao ndio wa kwanza kutupigia simu.

Kisa chake maarufu, hata hivyo, ni cha jaketi. Mwaka 2014 msitu uliwaka siku nne upande wa Muyuni, na wenzetu wa kikosi cha Serikali ya Muungano, wanaolipwa na mfuko mwingine, wakaja kutusaidia. Jaketi la Msabah likaungua, akaazimwa jingine na Koplo Makungu wa upande wa pili, mtu mrefu kama nguzo ya umeme. Mikono ya jaketi ikamfunika Msabah hadi vidole. Moto ulipokwisha, mhasibu wa wenzetu alipita kugawa posho. Akasoma jina la Makungu kifuani, akatoa bahasha, na Msabah, macho mekundu kwa moshi, akasaini palipooneshwa kidole.

Garini akaifungua. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yetu. Akageuza gari kwenda kuirudisha, akamkuta Makungu akimwapia mhasibu kwamba hajapokea hata senti. Walipokwisha kucheka, Makungu akamweleza jambo jingine: kwao posho ya hatari iliingizwa hata kwenye hesabu ya kiinua mgongo. Yetu ilikuwa ikiishia mwisho wa mwezi.

Msabah aliingia ofisini kwangu bila hata kukaa.

"Moto ulikuwa mmoja, bwana. Mbona bahasha mbili? Andika."

Nikawaandikia wakubwa wa mjini posho zilinganishwe, huku nikimwambia hakuna atakayesoma. Miaka kumi na moja, barua kumi na mbili, na kila moja aliipeleka mjini kwa mkono wake na kusubiri muhuri wa kupokelewa. Mkewe, Bi Muzna, husema lau wakati wa uchumba angepata robo ya barua hizo, asingemzungusha miaka miwili. Mimi nilichoka mapema. Ya sita nilibadilisha tarehe tu. Akagundua, akanirudisha mwanzo.

Aprili mwaka huu jibu likaja. Posho yetu inapandishwa ilingane na ya wenzetu, na itahesabiwa kwenye kiinua mgongo, kuanzia Julai mosi. Nilimsomea mara mbili, nikiomba niwe nimekosea tarehe. Sikukosea. Amepitwa kwa siku moja.

Aliuliza tu ni wangapi watakaofaidika. Nikamwambia arubaini na mmoja.

"Basi imejibiwa," akasema, akatoka kwenda kukagua mipira ya maji.

Bi Muzna ndiye aliyetuambia kwamba jioni ile hakula.

Mstaafu kwa kawaida hupewa saa ya ukutani. Safari hii wafanyakazi tumeandika barua ya kumi na tatu, tukiomba wanaostaafu mwaka huu nao waingizwe. Sahihi ni arubaini na moja. Nimeitunga bila kusimamiwa, nikaipeleka mjini mwenyewe, nikakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu mpaka ikagongwa muhuri. Leo, Sajenti Msabah, unakabidhiwa nakala yake.

Ahsante, Sajenti, kwa msitu uliobaki na kwa Julai mosi yetu. Nenda ukapumzike na Bi Muzna, Mwenyezi Mungu akupe afya na umri mrefu. Jibu likichelewa, ya kumi na nne nshaianza.