Jina Ambalo Kwetu Halitajwi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi niliyesimama hapa mbele yenu bila furaha.

Mimi ni mama Naserian, wa Olmotonyi. Binti yangu ana ugonjwa wa misuli tangu utoto. Miguu haina nguvu, mikono inachoka hata kushika sufuria. Nimeomba, nimefunga, nimelia mpaka nikaona aibu kumlilia Mungu. Ugonjwa uko palepale!

Kisha akaanguka kwenye mteremko wa shambani, paja likavunjika. Tukampeleka hospitali mjini apasuliwe. Daktari wa usingizi, dada mmoja mpole, akatuuliza: "Kuna ndugu yenu aliyewahi kupata shida akipewa dawa ya usingizi?"

Mume wangu akatazama chini. "Hakuna."

Nikamwamini, maana sikujua lolote. Ndugu zangu, mila yetu sisi Waarusha mnaijua. Mtu akifa, jina lake halitajwi tena. Wengine wanaolewa kwenye boma wasiambiwe kamwe kwamba aliwahi kuwepo!

Wakaanza kumsukuma Naserian kuelekea chumba cha upasuaji. Ndipo koko, mama mkwe wangu, akashika chuma cha kitanda. Akapiga kelele: "Lemayani! Mwanangu Lemayani alikuwa anaanguka hivihivi. Walimlaza kwa dawa ya usingizi wampasue tumbo, mwili ukachemka, ukakakamaa, hakuamka!"

Mume wangu akafunika uso kwa shuka lake. Lemayani alikuwa kaka yake.

Daktari akasimamisha kila kitu. "Asante, bibi. Dawa ile ingemuua na huyu." Wakaiacha, wakamchoma ganzi ya mgongoni, akapasuliwa akiwa macho, anaimba taratibu mapambio ya kwaya. Akatoka hai! Haleluya!

Hai, ndugu zangu, lakini hajapona. Hatembei. Misuli inazidi kuisha, na mimi nambeba mgongoni msichana mkubwa. Sina muujiza mwingine wa kuwaonyesha. Koko naye amekosa raha, anasema amevunja mwiko, anangoja baya lije.

Lakini namshukuru Yesu, mwanangu anapumua! Wewe mwenye mgonjwa, mtumaini Bwana, na daktari akikuuliza, wataje wafu wako. Mungu hachukizwi na majina yao. Siku hizi kwenye sala ya jioni nalitaja jina la Lemayani kwa sauti. Mume wangu anatoka nje. Koko anabaki, anaitikia amina.